Bustani za Suzhou na kibanja cha Katuruka



Wiki iliyopita niliomba lifti kwenye Coaster ya wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa wakitoka Muleba kwenda Katuruka, Bukoba Vijijini, kwa ziara ya somo la Historia. Mhariri wangu alitaka picha tu.

Njiani mwalimu aliwapitishia picha za bustani za Suzhou, China: bwawa, mawe, kijumba cha kupumzikia. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Akawaambia pia kwamba Wachina walikuwa wakiyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Vijana walimsikiliza vizuri, maana Mchina kwao si mgeni. Reli ya TAZARA wameisoma darasani, na chuo cha VETA kule Burugo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa na Rais Samia Oktoba 2022, wanakijua.

Binti mmoja akasema, "Wenzetu wana bustani, sisi tuna migomba." Coaster nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mtu niliyezaliwa kibanjani.

Katuruka tulipokelewa na mzee mmoja. Kwa masimulizi ya Wahaya, hapo ndipo Mukama Rugomora Mahe alipowakusanya wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mti mtakatifu wa mahali hapo uliitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee kisha akachimba. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya miaka takriban 2,000. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba tanuri za Wahaya zilitoa feleji, chuma kigumu chenye kaboni. Wataalamu wengine walibishana nao kuhusu jinsi joto lile lilivyopatikana, lakini chuma chenyewe kipo.

Kisha mzee akatuingiza kibanjani. Migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini zaidi, ardhi imefunikwa nyasi zilizokatwa rweya. Pembeni, makaburi. Akamgeukia yule binti: "Mjukuu wangu, bustani ya Mchina unaitazama. Hii inakulisha, na wazee wako wamelala humu." Safari hii hakuna aliyecheka.

Jamani, hapo ndipo penye shida. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na ugonjwa ule uliondoka na watu wengi waliokuwa wakiyajua masimulizi haya. Mwaka 2006 mnyauko ukaingia kwenye migomba ya Muleba. Schmidt alibahatika kuwakuta wazee wakiwa hai. Wachina wameandika yao karne kwa karne. Sisi tumewaachia wazee wayabebe kichwani, halafu tunawazika nayo.

Jioni nilipita kwa bibi, Muleba, kamera nimeiacha begini, daftari mkononi. Nikamuuliza nani alipanda mbuni wa kwanza pale nyumbani. Akataja jina ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu, akashangaa kwamba silijui.

Nimeliandika. Nanyi waulizeni wenu mapema.

Wikiendi njema, wadau.