Jaketi la Sitaha na Mapokeo Yake Matatu

Baharia wa zamu ya usiku juu ya sitaha hupambana na upepo, maji ya chumvi na baridi hata kabla hajamwona adui. Katika Vita vya Pili vya Dunia, misafara ya meli iliyoanza mwaka 1941 kupeleka silaha na chakula katika bandari za Murmansk na Arkhangelsk ilipita kwenye bahari ambamo rasharasha za mawimbi ziliganda kuwa barafu juu ya chuma. Wamarekani na Waingereza walisafiri katika maji hayo hayo, lakini waliwavisha mabaharia wao mavazi tofauti kabisa. Baadaye Wajapani, waliopigana upande wa pili, ndio waliokuja kuwa wahifadhi hodari wa jaketi la Kimarekani. Mapokeo hayo matatu yakiwekwa pamoja, yanamwonyesha mpenzi wa jaketi hili namna ya kulichagua na kulitunza.

Jaketi la Kimarekani linaitwa N-1. Sehemu yake ya nje ni pamba nzito iliyofumwa kwa kubanwa sana, yenye mistari inayohisika ukiipapasa. Kazi ya kitambaa hicho ni kuuzuia upepo. Bitana yake ni ya manyoya ya alpaka yaliyochanganywa na sufu, nayo kazi yake ni kushika joto la mwili. Zipu imefunikwa kwa ukanda wa kitambaa wenye vifungo, ndani ya mikono mna kikuku cha uzi uliofumwa kinachobana kifundo cha mkono, na kiunoni hupita kamba ya kukazia. Kila tundu ambalo upepo ungelipenya limetafutiwa kizuizi chake. Aliyelisanifu aliuona mwili wa mtu kama nyumba inayozibwa nyufa.

Waingereza walishika njia ya zamani zaidi. Koti lao la duffel, lililopewa jina la mji wa Duffel ulioko Ubelgiji karibu na Antwerp, ni sufu nene tu, pana, refu na lenye kofia kubwa inayoweza kufunika hata kofia ya baharia. Halina zipu. Hufungwa kwa vijiti vya mbao vinavyopitishwa kwenye vitanzi vya kamba, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi ndani ya glavu nene haviwezi kushika kifungo kidogo. Upana wake uliruhusu watu wa maumbo mbalimbali kulivaa juu ya sare zao.

Basi N-1 hutegemea ufundi wa tabaka na mishono, duffel hutegemea wingi wa sufu. Katika kukinga upepo N-1 inashinda, na ufupi wake humwachia mvaaji nafasi ya kupanda ngazi na kuvuta kamba. Katika kukinga kichwa na mapaja duffel haina mpinzani. Anayesimama kituoni akingoja basi kwenye theluji atafaidi duffel. Anayefanya kazi ya mikono nje atafaidi N-1.

Vita vilipokwisha, maghala yalibaki na shehena. Nchini Uingereza, Harold na Freda Morris, waliokuwa wakiuza glavu na nguo za kazi, walinunua makoti ya duffel yaliyobaki na kuyauzia raia. Akiba ilipokwisha walianza kushona yao kwa jina la Gloverall, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Koti likahamia kwa wanafunzi, na katika maandamano ya mwaka 1958 ya kupinga silaha za nyuklia, kutoka London hadi Aldermaston, likawa vazi la watu waliotaka amani. Duffel iliendelea kuishi kwa kugeuka.

Huko Japani, N-1 imeishi kwa kukataa kugeuka. Soko la Ameyoko mjini Tokyo lilikulia kwenye biashara ya magendo baada ya vita, na bidhaa za Kimarekani zikawa sehemu ya sifa yake. Vijana waliopenda nguo za Kimarekani baadaye walitaka zaidi ya nakala inayofanana tu. Kampuni kama The Real McCoy's na Buzz Rickson's, iliyoanzishwa mwaka 1993, hujitahidi kufuma upya vitambaa vya wakati wa vita, kurudisha zipu za aina ile na kuiga hata lebo. Heshima hiyo kwa kazi ya fundi asiyejulikana inanigusa sana, hasa ninapoona madukani majaketi yaliyochorwa kifuani herufi USN, za Jeshi la Majini la Marekani, huku bitana yake ni poliesta nyepesi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hukumu yangu ni hii: jaketi halisi la miaka ya 1940 litunzwe, nakala iliyoshonwa kwa uaminifu ivaliwe. Pamba iliyozeeka huchanika mabegani, nondo hupenda alpaka, na vikuku vya mikono ndivyo hufa kwanza. Ukilipata la asili, usilifue kwa mashine wala usilikarabati kwa kubandua lebo yake, kwa kuwa namba ya mkataba wa jeshi iliyoandikwa pale ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Ukinunua nakala, igeuze ndani nje kabla ya kutazama herufi za kifuani. Bitana na mishono husema ukweli mapema kuliko jina la kampuni.

Na kwako msomaji unayeishi kwenye baridi ya Toronto au Oslo: vaa jaketi lako kwa raha, lakini fikiri mara mbili kabla ya kulitia kwenye sanduku la safari ya nyumbani. Sheria za Tanzania na Kenya zinamkataza raia kuvaa sare za majeshi au nguo zinazofanana nazo, na askari barabarani hana wajibu wa kujua historia ya misafara ya Murmansk. Liache huko huko, kwenye baridi liliyoshonewa.