Chuma Kilichochongwa kwa Hesabu

Mjini Traverse City, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilikuwako karakana ya jamaa ya Parsons, ambayo wakati wa Vita Kuu ya Pili ilipewa kazi ya kutengeneza mapanga ya helikopta za Sikorsky. Na msimamizi wake, John T. Parsons, ijapokuwa hakuwa na shahada ya chuo, alikuwa na tabia ya kuuliza kwa nini jambo lifanywe vile lilivyozoeleka. Mpindo wa panga la helikopta, kama ubavu wa jahazi, haukubali kupimwa kwa rula, na desturi ya siku zile ilikuwa mchoraji kutia nukta 17, kuziunganisha kwa mkono, kisha fundi akapiga tupa juu ya kigezo mpaka jicho lake liridhike.

Mwenziwe Parsons, mhandisi Frank Stulen, alikuwa akizitumia mashine za IBM za kadi zilizotobolewa, ambazo aghlabu zilikuwa za makarani wa hesabu za fedha, ili kukadiria nguvu zinazolikabili panga. Parsons alipoziona, akataka zimtolee nukta 200 badala ya 17. Tarakimu zilipopatikana, mtu mmoja alizisoma kwa sauti, na wawili wakazungusha magurudumu ya mashine ya kukatia chuma, huyu upande wa urefu na huyu upande wa upana, nukta baada ya nukta. Na hapo ndipo ilipomjia fikra kwamba, madhali kadi zimekwisha kuhesabu, hapana sababu ya mashine kutozisoma yenyewe.

Jeshi la Anga la Marekani, lililokuwa likihitaji mabawa ya ndege yaliyochongwa katika bamba moja nene, lilimpa mkataba mwaka 1949, naye akawaendea wataalamu wa chuo cha MIT wamsaidie. Wataalamu hao waliitanua kazi kupita alivyokusudia, na haukupita muda mwingi wakafanya mapatano yao wenyewe na jeshi, mwenye fikra akabaki kando. Mwaka 1952 walionyesha mashine ya Cincinnati Hydro-Tel ikikata madini kwa amri ya utepe wa karatasi wenye matundu. Parsons na Stulen waliomba hataza mwaka huo huo na kuipata mwaka 1958. Ama nishani ya taifa iliwafikia mwaka 1985, na kwa maoni yangu ilichelewa mno.

Ilikuwako njia nyingine, ambayo yastahili kutajwa. Kampuni ya General Electric ilibuni mashine iliyonasa katika utepe wa sumaku harakati za fundi stadi alipokuwa akikata kipande cha kwanza, ikazirudia katika vipande vilivyofuata, hata ustadi ukabaki ni wa fundi na utepe ukawa hati yake tu. Njia hii haikustawi. Wako wanahistoria wasemao kwamba wakuu wa viwanda waliipendelea ile ya tarakimu kwa kuwa iliutoa ujuzi mikononi mwa fundi na kuupeleka ofisini, nami naona hoja hiyo ina uzito, ijapokuwa ni haki kuongeza kwamba mipindo mingine hakuna mkono uwezao kuikata ili inaswe. Mwandishi Kurt Vonnegut, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, aliiona mashine moja ikikata vyuma vya injini za ndege bila ya fundi, na riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1952, ikazaliwa humo.

Wenye viwanda, hata hivyo, hawakuzikimbilia mashine hizo, kwani zilikuwa ghali na tepe zake taabu kuandaa. Ikalilazimu jeshi kuzinunua kwa fedha yake na kuziweka katika viwanda vya ndege. Taabu ya tepe ilipungua pale Douglas Ross na wenzake wa MIT walipotunga lugha iitwayo APT, ambayo kwayo mhandisi aliandika mistari na duara kwa maneno, na kompyuta ikayageuza kuwa tarakimu za mashine. Waandishi wa magazeti walioitwa mwaka 1959 kuja kuelezwa habari zake walipewa kila mmoja kisahani cha alumini cha kutilia majivu ya sigara, kilichochongwa kwa lugha hiyo.