Kura 18,000 Zilizopotelea Kwenye Skrini: Kisa cha Sarasota, 2006

Kila tukimaliza uchaguzi hapa kwetu swali ni lile lile: je, mashine zilichezewa? Leo naomba tulichukue swali hilo tulipeleke mbali kidogo, hadi kaunti ya Sarasota, jimbo la Florida huko Marekani, tarehe 7 Novemba 2006. Nimeichagua Sarasota kwa sababu huko mashine zilichunguzwa na wataalamu wa kweli, hawakuona kasoro iliyokula kura, na bado mtu aliyeshinda pengine si yule aliyetakiwa na wapiga kura.

Kwanza tuelewane kuhusu kura ya Mmarekani, maana haifanani na yetu. Sisi tangu 2013 tunapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Ukisahau mmoja utabaki na karatasi mkononi na karani atakushangaa. Wao huweka kila kitu pamoja. Siku ile watu wa Sarasota walikuwa wanachagua seneta wa taifa, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, gavana na mwanasheria mkuu wa jimbo, wanaamua kama majaji fulani waendelee na kazi, halafu wanapiga kura ya ndiyo au la juu ya marekebisho ya katiba ya jimbo na ya kanuni kuu za kaunti yao. Yote hayo mtu mmoja, kwa kikao kimoja, amesimama mbele ya skrini.

(Kati ya marekebisho hayo lilikuwemo moja lililotaka katiba ya Florida isibadilishwe tena mpaka ipatikane asilimia 60 ya kura. Lilipita kwa asilimia kama 58. Endelea kucheka, nakungoja.)

Skrini zenyewe zilifikaje pale? Hapo inabidi turudi miaka sita nyuma. Tarehe 7 Novemba 2000, Florida ndiyo iliyoamua nani awe rais wa Marekani, na George W. Bush akamshinda Al Gore kwa kura 537 tu. Kaunti nyingi zilikuwa bado zinatumia kadi za kutoboa matundu, teknolojia ambayo ni mjukuu wa kadi za Herman Hollerith zilizohesabu sensa ya Marekani ya 1890. Dunia nzima iliona picha za maofisa wameinua kadi kwenye mwanga, wamekodoa macho, wanabishana kama kipande cha karatasi kimetoboka au kimebonyea tu.

Katika kaunti ya Palm Beach kulikuwa na balaa la ziada. Msimamizi wa uchaguzi alitaka maandishi yawe makubwa ili wazee wasome bila taabu, kwa hiyo majina ya wagombea urais yakatandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, matundu yakiwa katikati. Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. La pili lilikuwa la Pat Buchanan, wa kwanza upande wa kulia. Buchanan akapata kura zaidi ya 3,400 katika kaunti ambayo haikuwa ngome yake hata kidogo. Watafiti walipozilinganisha na kura za posta za kaunti hiyo hiyo, ambazo hazikuwa na mpangilio ule, waliona kwamba mgao wake siku ya uchaguzi ulikuwa takriban mara nne ya ule wa posta.

Sasa, mtu wa kompyuta akisikia hayo anajua ugonjwa ni nini: kiolesura, yaani ile sura ambayo mfumo unamwonyesha mtumiaji. Wanasiasa walisikia kitu kingine. Walisikia kwamba karatasi ndiyo mbaya. Mwaka 2001 Florida ikapiga marufuku kadi za kutoboa, mwaka 2002 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzipa majimbo mabilioni ya dola za kununua vifaa vipya, na kaunti 15 za Florida zikanunua mashine za skrini ya kugusa. Sarasota ilikuwa mojawapo. Mashine yake iliitwa iVotronic, na haikutoa karatasi yoyote ambayo mpiga kura angeweza kuitazama na kuihakiki.

Kiti kilichogombaniwa mwaka 2006 kilikuwa cha wilaya ya 13 ya Baraza la Wawakilishi. Kilikuwa wazi kwa sababu aliyekikalia alikwenda kugombea useneta. Jina lake? Katherine Harris, yule yule ambaye mwaka 2000, akiwa waziri wa jimbo, ndiye aliyeidhinisha ushindi wa Bush. Waliokigombea walikuwa Vern Buchanan wa Republican (si yule Pat, ni jina tu limegongana) na Christine Jennings wa Democrat. Matokeo: Buchanan 119,309, Jennings 118,940. Tofauti ni kura 369.

Halafu watu wakatazama idadi nyingine. Katika kaunti ya Sarasota peke yake, watu kama 18,000 walipiga kura kwenye skrini lakini nafasi ya kiti hicho ikabaki tupu. Hiyo ni karibu asilimia 15 ya waliotumia mashine. Kwa waliopiga kura ya posta, kwa karatasi, walioruka kiti hicho hawakufika asilimia 3. Na kwenye mashine zile zile, walioruka kura ya gavana hawakufika asilimia 2. Sarasota ndiyo kaunti ambayo Jennings alikuwa anaongoza, kwa hiyo huhitaji digrii ya takwimu kuona uchungu wake.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kama ningepewa namba hizo bila maelezo mengine ningeshuku programu mara moja. Jennings na mawakili wake walishuku hivyo hivyo. Malalamiko yalikuwa yameanza tangu siku za kupiga kura mapema, watu wakisema kwamba walibonyeza jina lakini mwishoni halikuonekana. Tena mnamo Agosti mwaka huo kampuni iliyotengeneza mashine ilikuwa imeziandikia kaunti barua kwamba baadhi ya skrini zinachelewa kuitikia kidole. Mawakili wakaomba msimbo wa programu ufunguliwe. Mwishoni mwa Desemba jaji akakataa, akaikubalia kampuni kwamba ile ni siri ya biashara. Sisi tulioshuhudia 2017, wakati Mahakama ya Juu ilipoagiza seva za tume zikaguliwe, agizo halikutimizwa ipasavyo na uchaguzi wa rais ukafutwa, tunaijua ladha ya mvutano huo.

Kura zilihesabiwa upya, lakini hebu fikiria maana yake. Unaiambia mashine itoe tena namba zilizomo ndani yake, nayo inatoa zile zile. Kama kulikuwa na kosa kati ya kidole na kumbukumbu, kuhesabu upya hakuwezi kulifikia.

Jimbo lenyewe ndilo lililowapa wataalamu wa usalama wa kompyuta msimbo ule, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida. Ripoti yao ilitoka Februari 2007. Walikuta udhaifu wa kiusalama, ndiyo, lakini hawakuona kasoro yoyote ya programu ambayo ingeweza kuacha nafasi 18,000 tupu, na ule ucheleweshaji wa skrini haukutosha kuwa maelezo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikazijaribu mashine kivyake, ikafika pale pale, na Februari 2008 malalamiko ya Jennings yakatupwa.

Kwa hiyo ilikuwa nini? Tazama skrini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kura ya seneta peke yake. Ukurasa wa pili, juu kabisa, ulikuwa na kiti cha wilaya ya 13, majina mawili tu, bila kichwa cha rangi. Chini yake kilikuja kichwa cha rangi chenye neno la kuonyesha kwamba sasa ni nafasi za jimbo, halafu orodha ndefu ya wagombea ugavana. Jicho liliruka moja kwa moja hadi kwenye rangi. Mwishoni ulikuwepo ukurasa wa muhtasari unaoonyesha nafasi ulizoacha, lakini wengi waliupita.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwa majirani. Katika kaunti ya Charlotte, kiti cha wilaya ya 13 hakikuwa na shida hiyo. Huko, na katika kaunti ya Lee pia, kilichoachwa tupu kwa wingi wa ajabu ni cha mwanasheria mkuu, na ndicho kilichowekwa skrini moja na ugavana. Watafiti wanne wa siasa walichapisha hayo mwaka 2008 na kusema kwamba, kwa mpangilio mwingine wa skrini, karibu ni hakika Jennings angeshinda. Mmoja wao, Michael Herron, alikuwa pia kati ya waliochunguza kadi za Palm Beach.

Hii ndiyo sehemu inayoniudhi kitaaluma. Majaribio yote yaliuliza kama mashine inahifadhi kile kilichobonyezwa. Ilihifadhi. Hakuna aliyewapa wazee ishirini wa Sarasota ukurasa ule kabla ya uchaguzi na kuwatazama wakiutumia. Kazi ya asubuhi moja, na chai juu.

Na kwenye skrini hizo hizo, kurasa kadhaa mbele, kulikuwa na pendekezo la kubadilisha kanuni kuu za kaunti: kila kura iwe na karatasi ambayo mpiga kura ameihakiki, na matokeo yakaguliwe. Liliandikwa na kikundi cha wananchi, na lilikuwa kortini hata kabla ya siku ya kura. Watu wa Sarasota walilipitisha, kwa kubonyeza mashine lililokuja kuiondoa.

Kesi iliendelea hadi Mahakama ya Juu ya Florida, ambayo mwaka 2010 iliamua kwamba kaunti haikatazwi kabisa kutunga masharti ya namna hiyo, ila baadhi ya vipengele viligongana na sheria ya jimbo. Kufikia wakati huo hoja ya karatasi ilikuwa imekwisha. Gavana Charlie Crist alitia saini sheria ya kurudisha kura za karatasi mwaka 2007, na mwaka 2008 Sarasota ilipiga kura kwa kalamu, karatasi zikasomwa na skana. Vern Buchanan aligombea tena mwaka huo dhidi ya Jennings, na safari hiyo alishinda kwa tofauti kubwa ambayo hakuna aliyeibishia.