NGOME ZA WAHISPANIA KARIBI: Baharini walifunga, kilima wakakisahau

Fort Jesus ya Mombasa wengi tunaijua, kama si kwa kufika basi kwa kitabu cha historia. Tulifundishwa ni ya Wareno, na ni kweli. Ila kuna kitu hakisemwi sana: ilipojengwa, 1593 hadi 1596, mfalme wa Ureno na mfalme wa Hispania alikuwa mtu mmoja, Felipe wa Pili. Na miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya Atlantiki, jamaa alikuwa anajenga ngome nyingine kibao. Leo tuziangalie hizo.

KWA NINI ZILIJENGWA?
Madini ya fedha. Fedha ya Meksiko na Peru ilisafirishwa kwa misafara ya meli, na kabla ya kuvuka bahari meli zilikusanyika Havana, Kuba. Maharamia na maadui wa Hispania walilijua hilo vizuri. Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliiteka Cartagena, kwenye Kolombia ya leo, na hakuondoka mpaka alipolipwa. Felipe akaona hii sasa noma. Akamtuma fundi Mwitaliano, Battista Antonelli, akague bandari na kuchora ngome. Hata Fort Jesus ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ufundi ulikuwa wa kwao.

ZILIFANYAJE KAZI?
Kuta ndefu nyembamba za zamani zilikuwa zinabomolewa na mizinga. Hawa wakajenga kuta nene, na pembe zake zikachomoza nje kama ncha ya mshale. Adui akijibanza chini ya ukuta, anapigwa kutoka kwenye pembe ya pili. Hakuna pa kujificha.

Mfano mzuri ni Castillo de San Marcos kule Florida, iliyoanza kujengwa 1672. Jiwe lake ni makombe ya baharini yaliyogandamana. Tufe la mzinga likipiga, linazama humo badala ya kupasua ukuta! Waingereza waliizingira mwaka 1702, wakauchoma mji, lakini ngome ikawashinda. Walirudi 1740, wakashindwa tena.

Jirani yake, mwaka 1738, palianzishwa Mose, kijiji cha Waafrika waliotoroka utumwa kwenye makoloni ya Waingereza. Hispania iliwapa uhuru, nao wakashika silaha kulinda upande wa kaskazini.

HAVANA, 1762
Mdomo wa bandari ya Havana ulikuwa na ngome mbili, El Morro upande mmoja na La Punta upande wa pili. Meli ya adui ingepitaje? Isingepita. Tatizo ni kwamba nyuma ya El Morro kuna kilima kinaitwa La Cabaña, na ukiwa juu yake unaiona ngome na mji wote. Kilima hicho hakikuwa na ngome ya maana.

Juni 1762 Waingereza walikuja na askari zaidi ya 10,000. Hawakupita mlangoni. Walishuka pwani ya mashariki, wakapanda kilima, wakaanza kuitwanga El Morro kutoka juu. Tarehe 30 Julai walilipua baruti chini ya ukuta, wakaingia. Kamanda wake, Luis de Velasco, alijeruhiwa na kufa. Agosti mji ukasalimu amri. Washindi nao walikiona, maana magonjwa yaliua maelfu ya askari wao.

BAADA YA HAPO
Mwaka 1763 Waingereza waliirudisha Havana, lakini kwa kubadilishana na Florida. Yaani San Marcos, ngome iliyoshindikana kwa mizinga, iliondoka kwa kalamu. Watu wa Mose walijua Mwingereza akiingia uhuru wao uko hatarini, hivyo wakahamia Kuba.

Na huko Kuba, Hispania ikaamka. Kati ya 1763 na 1774 ikajenga ngome kubwa mno juu ya kile kilima. Kwa kazi ya ngome za Havana mfalme alinunua maelfu ya watumwa Waafrika. Ona hapo: Hispania ile ile iliyompa Mwafrika uhuru Florida ili ailindie mpaka, ilimnunua Mwafrika mwingine Havana ambebee mawe.

Leo ngome hizi ni urithi wa dunia wa UNESCO: Havana tangu 1982, San Juan ya Puerto Rico 1983, Cartagena 1984. Fort Jesus yetu iliingia 2011. Watalii wanapiga picha mizinga, wanasoma majina ya wafalme na makamanda. Ya waliobeba mawe hayapo ukutani.

Fort Jesus nayo ilianguka kwa Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Njaa na magonjwa ndivyo vilivyowamaliza waliokuwa ndani. Kwa hiyo wadau, siku ukipita kwenye ngome yoyote, usiishie kuuliza nani aliamuru ijengwe. Uliza nani alibeba mawe, na ni upande gani walisahau kuulinda.

Nawakilisha. Mwenye la kuongeza au kukosoa, uwanja ni wenu.