Mafuta katika chakula cha tilapia

Mafuta humpa tilapia wa kufugwa nguvu, pamoja na asidi za mafuta asizoweza kujitengenezea. Hitaji lake kuu ni asidi ya linoleiki, ya kundi la omega-6, kiasi cha asilimia 0.5 hadi 1 ya chakula. Ikipungua mno, ukuaji hudorora. Katika mji wa Bukavu, mafuta yaliyo karibu ni mawese, mekundu na mepesi kuganda. Yana linoleiki asilimia 10 hivi. Ya soya yana 50 hivi. Mafuta yanayoganda humeng'enywa kwa shida zaidi maji yakipoa, na mji huu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake hupoa. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, huongeza omega-3, ingawa ni afadhali waliwe na watu. Mafuta yaliyochacha yasitumike kabisa.