Kujikinga na Maumivu ya Mkono Yatokanayo na Kipanya cha Kompyuta

Ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hususan usiku, huweza kuashiria mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Wengi huidhania uchovu.

Kipanya kiwekwe jirani na kibodi, kwa kimo kilekile, ili kiwiko kibaki karibu na mwili na kifundo kisipinde. Kishikwe bila kukibana, kisogezwe kwa mkono mzima. Mkono upumzishwe kabla haujauma. Kubadili mkono husaidia, ingawa mwanzoni huudhi.

Meza iliyo juu mno aelezwe mwajiri, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania inamwajibisha kulinda afya ya wafanyakazi. Mwenye ganzi isiyokoma amwone daktari mapema, kabla misuli ya gumba haijadhoofika.