Virutubisho vya manjano na inflamesheni

Virutubisho vya manjano ni vidonge, kapsuli au unga uliotengenezwa kutokana na mmanjano (jina la kisayansi: Curcuma longa), mmea wa familia ya tangawizi ambao shina lake nene hukua chini ya ardhi. Huuzwa kwa ahadi ya kupunguza inflamesheni, yaani hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma wakati mwili unapojikinga na jeraha au vijidudu.

Jijini Dar es Salaam manjano ni kiungo cha kila siku. Katika soko la Kariakoo na mitaa inayolizunguka huuzwa mabichi, makavu na ya unga. Wengi huyaita pia binzari, ila yasichanganywe na binzari nyembamba, ambayo ni mbegu za mmea mwingine kabisa. Hulimwa Muheza mkoani Tanga, Morogoro na Zanzibar. Tangu zamani wanawake wa pwani huyapaka usoni.

Kurkumini

Rangi ya manjano, na sifa zake nyingi za kitiba, hutokana na kemikali iitwayo kurkumini. Katika maabara kurkumini huzuia baadhi ya protini zinazochochea inflamesheni. Lakini seli ndani ya chupa si mtu: kurkumini iliyomezwa hupenya kwa shida sana kutoka utumbo hadi kwenye damu, na ini huibadilisha upesi. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini, kemikali ya pilipili manga, iliongeza upenyaji huo mara 20 hivi. Ndiyo maana vidonge vingi huchanganywa nayo.

Kiasi nacho ni muhimu, na hesabu yake ni rahisi. Unga wa manjano una kurkumini takriban asilimia 3. Kijiko cha chai chenye gramu 3 kina miligramu 90 hivi, na chungu cha mchuzi hugawanywa kwa watu wengi. Kapsuli ya miligramu 500 yenye kurkumini asilimia 95 ina miligramu 475, sawa na vijiko vitano na zaidi. Wataalamu wa FAO na WHO waliweka kikomo cha kurkumini kama rangi ya chakula kuwa miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 180 kwa mtu wa kilo 60. Kwa hiyo hoja ya kwamba "ni chakula tu" haifai kwa kapsuli.

Ushahidi kwa binadamu

Matokeo bora yako kwenye magoti yaliyosagika. Nchini Thailand, utafiti wa wagonjwa 367 uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha dondoo la manjano na ibuprofeni kwa wiki 4. Nafuu ya maumivu ilikaribiana. Hata hivyo hapakuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa, na wiki 4 ni muda mfupi kwa ugonjwa wa miaka. Mapitio ya wanakemia mwaka 2017 yalisema kwamba kurkumini haidumu mwilini na kwamba majaribio yaliyodhibitiwa vizuri hayajathibitisha kuwa ni tiba. Mgonjwa wa baridi yabisi au kisukari asiache dawa za hospitali kwa sababu ya kapsuli hizi.

Madhara

Kichefuchefu na kuhara hutokea. Wenye mawe ya nyongo, na wanaotumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), wamwulize daktari kwanza. Nchini Italia na Marekani wamepatikana watu walioumia ini baada ya kutumia virutubisho hivi. Taarifa ya Marekani ya mwaka 2022 ilieleza wagonjwa 10, na mmoja alifariki. Dalili ni macho kuwa ya njano na mkojo mweusi.

Hatari nyingine iko kwenye unga wenyewe. Nchini Bangladesh, mwaka 2019, watafiti walithibitisha kwamba manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi ili yang'ae. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Unjano mkali, basi, si dalili ya ubora. Wanaonunua makavu mazima, wakayaosha na kuyatwanga wenyewe, angalau wanajua kwamba hakuna kilichoongezwa wakati wa kusaga.